Hewa Uliyoipika

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naanza kwa kukuulizia hali, na safari hii tafadhali usinijibu "mzima" halafu ukaishia hapo. Goti linasemaje asubuhi unapoamka? Macho bado yanasoma gazeti bila miwani, au umekubali kushindwa? Na Shangazi je, bado anakupigia kelele sikioni akidhani uziwi wako ni ubishi? Mwambie namsalimu sana, na kwamba najua ni yeye anayekuwekea chai mezani kila siku huku akilalamika kuwa hatakuwekea tena. Sisi huku hatujambo. Mkwe wako anakuamkia. Yuko sebuleni anakunja nguo, kazi asiyoiweza hata kidogo lakini hataki kunyang'anywa.

Barua yako niliipata. Ilikuwa fupi kuliko zote ulizowahi kuniandikia. Hukuniuliza hali, hukumtaja Shangazi, wala hukutia saini. Ulikata kile kipande cha gazeti chenye picha yangu nimeinama shambani, ukakibandika juu ya karatasi, na chini yake ukaandika: "Kwa hiyo, mwanangu, mimi miaka yote ile nilikuwa natengeneza sumu?" Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni pa ofisi, begi bado liko begani, na watu wakawa wanapita pembeni yangu wakiniomba samahani.

Sikukujibu, na najua ukimya wangu umekuuma. Mtu mwingine angechukua simu. Lakini wewe na mimi tunajua kwamba simu kwako ni mdudu anayevuma tu, mngurumo wa kompresa za kiwanda chenu cha mbolea ulishajichukulia masikio yako. Halafu jambo lenyewe si la kusemwa kwa kupayuka. Ningeweza kuandika upesi kwamba mwandishi yule alinikuzia maneno, nawe ungeridhika. Ningekuwa nimekudanganya. Nilisema kweli kwamba mbolea inayomwagwa shambani kupita kiasi hugeuka gesi, na gesi hiyo hupanda juu ikaenda kuzuia joto lisitoke, kama mtu aliyefunikwa blanketi juu ya blanketi wakati tayari anatoka jasho. Nilitaka kukupa jibu linalokufaa wewe, si la kukunyamazisha. Sasa ninalo, na lilinifikia kwa njia nisiyoitarajia. Nivumilie nikueleze taratibu, kama wewe ulivyokuwa ukinieleza mambo.

Unakumbuka siku wafanyakazi mliporuhusiwa kuleta familia zenu kiwandani? Nilivaa kofia ya chuma iliyonifunika mpaka puani. Ulinisimamisha kando ya bomba pana kunizidi kimo, ukainama ukanipigia kelele kwamba humo ndani hamna kitu ila hewa. Ukasema sehemu kubwa ya hewa ni nitrojeni, na chembe zake hutembea mbili mbili zimekumbatiana kwa nguvu ajabu, hata mimea inasimama katikati yake inakufa njaa, kama watu waliofungiwa nje ya ghala la nafaka. Kazi yenu, ukasema, ni kuziachanisha kwa moto na presha. "Tunapika hewa, mwanangu," ulisema, "inakuwa chakula." Kesho yake niliwatangazia wenzangu darasani kwamba baba yangu anapika hewa, wakacheka mpaka nikalia. Lakini sikuacha kuamini. Jioni ukirudi nguo zako zilikuwa zinachoma macho kwa ile harufu kali, na Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema yeye ndiye mke pekee mtaani anayemlilia mumewe kila siku akiwa hai.

Basi mimi nimeshika upande wa pili wa kazi yako. Wewe uliishusha nitrojeni kutoka hewani. Mimi naitazama inavyorudi.

Kwenye shamba letu la utafiti tumekita fremu za chuma ardhini, na kila fremu ina kifuniko chake. Ukifunika, hewa inayotoka udongoni inanaswa humo, nasi tunaivuta kwa sindano na kuipeleka kwenye mashine. Mpita njia akitukuta tumechuchumaa na vifuniko vyetu anadhani tumeinjika sufuria juu ya ardhi baridi. Mwenzangu mkubwa katika kazi hii ni fundi wa maabara, mama mmoja mnene mwenye maneno machache. Tunamwita Mizani, kwa sababu hawezi kupokea kitu, hata kijiko cha sukari, bila kukitikisa kiganjani na kutaja uzito wake. Mara nyingi hukosea, lakini hajakata tamaa.

Msimu uliopita kiangazi kilikuwa kikali. Udongo ulipasuka nyufa za kumeza kalamu, na mimi nimepoteza kalamu mbili humo. Mashine ilikuwa haioni kitu. Tulifunika, tukavuta, tukapima, namba zikawa zimelala chini kama mgonjwa asiye na homa wala nguvu. Nikaanza kuuzungumzia udongo ule kama maiti. Kisha alasiri moja mvua ikanyesha. Haikuwa kubwa. Ilikuwa matone mazito, machache, yanayorusha vumbi yanapoanguka. Tukakimbia kufunika fremu, mimi na Mizani, viatu vimejaa matope. Hata kabla chai haijaweza kuchemka, Baba, namba zikaanza kupanda.

Nikadhani kuna mahali panavuja. Nikakaza kila kiungo. Zikapanda. Mizani akapitisha gesi safi ya kupimia mashine, mashine ikasema kweli tupu. Tukarudisha hewa ya udongo, namba zikaruka mpaka mchoro ukafika ukingoni mwa kioo na kukatika. Ndipo nilipoelewa ninachokitazama. Vijidudu vya ardhini, ambavyo katika udongo wa kushika kwa ncha za vidole viwili ni vingi kuliko watu wote nitakaowahi kukutana nao, vilikuwa vimelala kiangazi kizima bila tone, na tone la kwanza lilipovigusa viliamka vyote kwa pamoja, vikaanza kula mabaki ya mbolea ya mwaka uliotangulia na kupumua. Nilipiga magoti nikaweka kiganja juu ya udongo. Bila shaka mkono hauwezi kuhisi kitu kama kile. Hata hivyo sikuutoa. Mizani alisimama nyuma yangu analowa, akasema polepole, "Inapumua hii." Hakutaja uzito.

Na gesi yenyewe unaijua. Ndiyo ileile daktari wa meno anayomvutisha mtu, akawa anacheka huku anang'olewa jino. Ardhi inaitoa bure. Ikiwa puani ni kicheko, ikipanda angani ni moto, na inakaa huko juu muda mrefu kuliko umri wako na wangu tukiujumlisha. Niliogopa na kustaajabu kwa wakati mmoja, na bado sijajua kuvitenganisha vitu hivyo viwili.

Lakini tungejuaje ni pumzi ipi inatokana na mbolea na ipi ni ya udongo wenyewe? Hapo ndipo tulipotumia nitrojeni nzito. Usishtuke, haina mionzi wala madhara. Ni nitrojeni kama nyingine, tena ipo kidogo katika kila kitu, ila imezidi wenzake uzito kwa kiasi ambacho hata Mizani hathubutu kukikisia. Mmea hauibagui, mwili haujui tofauti. Mashine yetu kubwa tu ndiyo inayoitambua, kama wewe ulivyokuwa ukisikia pampu moja mbovu ndani ya mngurumo wa pampu nzima. Tulitengenezewa mbolea yenye alama hiyo, tukaiweka kwenye kipande kimoja cha mahindi, kisha tukaanza kuifuata inakokwenda.

Chini ya nusu iliingia kwenye mahindi. Nyingine ilibaki udongoni, nyingine ikashuka na maji, nyingine ikaruka. Hizo ndizo habari zilizotoka gazetini. Yaliyobaki hawakuyaandika kwa sababu hayamtishi mtu. Kuna mti mmoja mpakani, ng'ambo ya njia ya trekta, ambao Mizani aliuchuma majani ili tuwe na kitu kisicho na alama cha kulinganishia. Majani yakaja na alama. Mizizi yake haifiki kule, tulichimba tukaangalia. Labda ni zile nyuzi za kuvu zinazotambaa chini kwa chini, labda ni mchwa. Hatujui. Siku ile nilirudi nyumbani natembea kama mlevi, kwa furaha ya kutojua.

Sasa, Baba, kaa kitini. Kama unaisoma hii umesimama dirishani kama desturi yako, kaa kwanza.

Una mjukuu. Ni msichana, yuko hai, ni mzima, na wakati naandika hapa amelala kifudifudi juu ya taulo kando ya nguo anazozikunja baba yake. Pumua, Baba. Muite na Shangazi umwambie, halafu mrudi msome.

Najua utauliza kwa nini tumekuficha. Mimba mbili za kwanza tulikuambia mapema. Ya kwanza ulipaka rangi chumba cha uani, na tulipoipoteza nilikuona bombani unaosha brashi ya rangi, unaiosha na kuiosha, hata maji yalipokuwa meupe hukuiacha. Ya pili Shangazi alikwishawaambia majirani wote, ikambidi apite tena nyumba kwa nyumba kuwaambia wasiulize. Safari ya tatu mimi na mume wangu tuliona tusimbebeshe mtu mzigo huu mpaka mtoto alie kwa sauti yake mwenyewe. Barua yako ilipofika tumbo lilikuwa limeshaonekana. Sikujua namna ya kukuandikia la mtoto bila kujibu la sumu, wala la sumu bila kutaja la mtoto.

Kisha akaja kabla ya wakati wake. Alikuwa mdogo hata mguu wake wote ulienea kwenye kidole cha baba yake. Walimweka kwenye lile sanduku la kioo lenye joto, na mirija puani na mdomoni. Mishipa ya mikono ilikuwa myembamba mno, kwa hiyo muuguzi akamnyoa nywele upande mmoja wa kichwa apate mshipa wa kupitishia dawa. Mume wangu akamwomba zile nywele. Zilikuwa chache, laini kama utando wa buibui. Akazikunja kwenye karatasi laini akazitia mfuko wa shati, na kila alipobadilisha shati akazihamisha. Sikumuuliza kwa nini. Nilijua anafikiri huenda ndizo pekee tutakazobaki nazo.

Hatukuwa na nguvu ya kumwandikia mtu. Tulikuwa tunakaa kando ya kioo tukitazama kifua kinachopanda na kushuka, na mimi, ambaye kazi yangu ni kupima pumzi ya ardhi, sikuthubutu kuhesabu pumzi zake. Kisha mirija ikaanza kutolewa, mmoja baada ya mwingine. Asubuhi waliyotoa ule wa mwisho tulimsikia analia. Baba, ni mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta, na baba yake alicheka mpaka akakaa chini kwenye korido, wauguzi wakawa wanamruka.

Mizani alikuja kumtazama tulipohamishiwa wodi ya kawaida. Akanawa mikono, akampokea, akamtikisa kidogo kiganjani kama sukari, akataja uzito. Muuguzi akampima. Alikosea kwa kiasi kidogo sana, na akanuna kweli. Alipokuwa anaondoka aliniinamia akaniuliza kama naikumbuka hamu yangu ya mahindi.

Lazima nikueleze. Nilipokuwa mjamzito nilishikwa na hamu ya mahindi ya kuchemsha kama wazimu. Tukishachukua sampuli zetu, mahindi yaliyobaki ya kile kipande cha mbolea nzito yalipaswa kutupwa shimoni. Mimi nilikuwa nayabeba chini ya koti na kuyachemsha kwenye birika la ofisi. Msimamizi wa shamba akawa analaumu nyani, akamwomba mkuu wa kituo amletee mbwa, na Mizani, aliyekuwa akisikia harufu yote kutoka chumba cha pili, akaunga mkono kwamba nyani wa siku hizi wamezidi. Nilikuwa nimehakikisha hayana madhara, na daktari wangu nilimuuliza. Kilichonijia sasa ni kile kilichokuwa kimemjia Mizani. Mama alikuwa amekula alama. Je, mtoto?

Mwanzoni nilikataa. Mashine ile haipimi kitu bila kukichoma. Chochote kinachoingia kinageuka hewa, na hakirudi. Nilimweleza mume wangu jioni, nikimwambia hapohapo kwamba si lazima, kwamba ni wazimu wa watu wa maabara. Akatoa ile karatasi mfukoni, akaifungua juu ya meza ya jikoni, akazuia pumzi zisipeperuke, akazigawa zile nywele mafungu mawili kwa kijiti cha kuchokolea meno. Akasema, "Nilizitunza nikidhani ndizo zitakazobaki. Sasa mwenyewe yupo." Akanisukumia fungu moja.

Tulianza na nywele zangu. Zilikuwa na alama, na kwa kuwa nywele hukua taratibu, ukizikata vipande unaona kila mwezi ulikula nini: hapa sijaanza kula mahindi, hapa nimeanza, hapa nimekuwa mwizi kabisa. Tukacheka. Kisha Mizani akachukua zile za mtoto kwa koleo dogo, akazifunga ndani ya kikombe cha bati kisichozidi punje ya mchele, akakidondosha tanurini. Tukangoja. Mstari kwenye kioo ulikuwa umelala. Ukajikunja. Ukapanda, Baba. Ukapanda mlima mzuri, mrefu, usio na shaka yoyote, kisha ukashuka.

Mizani alivuta kiti akakaa, mikono juu ya magoti. Akasema, "Huyu mtoto ameota shambani."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya maabara, pale bomba la moshi linapotokea, na nikiwa pale ndipo nilipotambua kwamba zile nywele ziko juu yangu. Zimeshatoka. Ni hewa tena.

Hebu fikiri nami. Nitrojeni ile ilikuwa angani tangu kabla ya kuwepo mtu. Imepita vifuani mwa wanyama waliokwisha kutoweka, ikaingia na kutoka bila kumfaa yeyote. Kisha watu wakaikamata wakaipika kwa moto na presha. Ikamwagwa udongoni, vijidudu vikapokezana, mzizi ukaivuta, ikawa punje ya hindi, ikawa mimi, ikapita kwenye kitovu ikawa nywele za mtoto, na kope zake, na moyo ule uliokuwa ukinitisha kila ulipopumzika. Mbolea yenyewe haikutoka kiwandani kwenu, sitakudanganya, ilitengenezwa kwa kazi yetu tu. Lakini ilipikwa kwa ufundi uleule uliochukua masikio yako. Na mimi nilikua kwa mkate uliotoka mashamba yenye magunia yenu. Wanaopiga hesabu za dunia nzima wanasema karibu nusu ya nitrojeni iliyo miilini mwa watu leo imepita kwenye mitambo kama ile. Nusu ya watu, Baba, au nusu ya kila mtu. Sijui ipi inanishangaza zaidi.

Kwa hiyo uliniuliza kama ulikuwa unatengeneza sumu. Hapana. Ulikuwa unatengeneza watoto wa watu. Na ile inayozidi inaharibu anga, hilo pia ni kweli, na nitaendelea kulisema mashambani na magazetini, kwamba watu waweke kidogo, waweke kwa wakati, waache kumwaga kama wanaomwagilia vumbi. Sitalificha moja ili kulipendezesha jingine. Lakini mwandishi mwingine akija nimemwekea sharti: aandike kwanza kwamba baba yangu alikuwa anapika hewa.

Daktari ameturuhusu kusafiri, tutakuja mara tu akishapata chanjo yake ijayo. Usipake rangi kitu chochote. Usinunue kitu. Mwambie Shangazi sasa anaweza kupita nyumba kwa nyumba, tena apaze sauti. Kitu kimoja tu nakuomba: usinyoe ndevu. Mtoto huyu ameanza kushika vitu, na akishika haachii. Kwa sasa hana cha kuning'inia ila kidole changu na pua ya baba yake, na pua ya mkwe wako imeshachoka.

Wasalimie wote wanaotuulizia. Mkwe wako amemaliza kukunja nguo na zimekaa vibaya sana. Mtoto ameamka, ananiangalia naandika.

Ni mimi binti yako,
mpima pumzi za ardhi, na sasa mama wa mtu.